Mama Kwenye Benchi la Binti Yake

Umeme wa majumbani nilijifunzia chuo kidogo cha ufundi Gongo la Mboto, darasa lenye kuta za matofali yasiyopigwa plasta. Wasichana tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa akitokea Ukonga, familia ya Kiislamu iliyohamia kutoka Newala. Tulikaa benchi moja, tukitumia plaizi moja. Alikuwa mwepesi kuliko mimi. Mie nikiwa bado natafuta waya uende wapi, yeye taa yake imeshawaka, na anageuka kunielekeza bila kunidharau.

Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Kuna wiki alikuwa haji, akirudi macho yana manjano, ukimwuliza anasema alikuwa na ishu nyumbani. Masika ya mwaka wa pili alilazwa tena, na safari hiyo hakurudi.

Baada ya arobaini, mama yake akaja chuoni. Tulidhani amefuata vitu vya mwanawe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkaanga vitumbua, amejifunga ushungi mweusi. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akaomba kuonana na mwalimu. Mwalimu wetu angeweza kuwa mwanawe. Akaanza kumpa pole upya. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anaomba akae nafasi ya binti yake mpaka kozi iishe.

Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba kozi ni ya vijana, na wenzake wameshafika mbali.

"Cheti sikitaki," mama akasema. "Alikuwa akirudi jioni ananisimulia mambo ya nyaya. Mie namwitikia tu, mikono iko kwenye unga. Sasa nataka kujua alikuwa ananiambia nini."

Mwalimu akamwambia aje. Kesho yake mama alikaa pembeni yangu, amevaa ovaroli ya marehemu.

Siku za mwanzo zilinitesa. Ovaroli ilikuwa bado inanukia mafuta ya nazi ya rafiki yangu. Mama akiinama kukaza skrubu, mabega yalikuwa yaleyale. Kuna siku nilipitiwa nikamwita kwa jina la mwanawe. Akaitika bila kugeuka, akaendelea na kazi. Nikaanza kuogopa kuwahi darasani, nisije nikamkuta peke yake. Na kila nilichomwelekeza nilikuwa nimeelekezwa na binti yake, kwa hiyo nilijisikia mdomo wangu unatoa maneno ya mtu mwingine.

Alijifunza polepole, lakini alichokishika hakukiachia. Cheti alipewa hata hivyo. Tukaanza kutafuta kazi pamoja. Mie peke yangu watu walikuwa wananitilia shaka, ila yeye walimfahamu miaka yote kwa vitumbua vyake, na wanawake walioshinda nyumbani peke yao walitufungulia mlango bila wasiwasi.

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilikuwa nyumba mpya Goba, juu kabisa mlimani. Mchana wa jua kali mama alipanda darini kuvuta nyaya, mie nikabaki chini nafunga soketi. Nikasikia anaongea. Nilidhani ananiita, nikasogea chini ya tundu la dari.

"Huu wa bluu niupitishe wapi?" alikuwa anasema, sauti ya chini. Akangoja, kama anayempisha mtu ajibu. "Haya. Nimeelewa."

Aliposhuka, vumbi limemjaa usoni, aliona nilivyosimama.

"Usiogope, mwanangu," akaniambia. "Tunaongeaga tukiwa juu. Huku chini pana watu wengi."

Nikamwuliza kama nyaya zimetosha. Akasema zimetosha.

Siku hizi ana kazi nyingi kuliko mimi. Vitumbua ameacha, na wadogo wa marehemu wanasoma kwa mikono yake. Tukipata nyumba kubwa tunaifanya pamoja, yeye darini, mie chini. Hajawahi kunieleza anajibiwa nini, nami siulizi.

Juzi goti lilimsumbua, ikabidi nipande mimi. Kule juu kulikuwa na joto na harufu ya mbao mbichi, na mwanga ulifika nusu tu. Nilivuta nyaya harakaharaka, najizuia kusikiliza. Mama akaita kutoka chini:

"Mpo salama huko?"

Nikashika boriti.

"Tupo, mama," nikajibu.