Mukalay Atafuta Kobalti Juu ya Meza ya Kasino

Shemeji yangu Mukalay ana kichwa kizuri cha kutafuta jiwe, na kichwa hicho ndicho kilichomponza. Mjinga angepoteza kidogo, akaogopa, akarudi nyumbani. Yeye ana ujuzi, kwa hiyo alipoteza kila kitu kwa utaratibu.

Nieleze kwanza ni nani. Ana miaka hamsini na miwili, ni mume wa dada yangu Ernestine, na katika machimbo ya Musonoi watu sita walikuwa wakimwita PDG, maana kule mkuu wa shimo huitwa hivyo hata kama suruali yake ina viraka magotini. Shule ya migodi hajui hata mlango wake uko wapi. Lakini mpe udongo mkononi aupapase, aunuse, kisha atakwambia: bado mita tatu. Na baada ya mita tatu mnalikuta jiwe jeusi, kobalti, limetulia mahali pake. Nilikuwa karani wa kampuni miaka ishirini na sita, nikaona mainjinia wenye mashine wakikosea kuliko yeye.

Imani yake ni moja. Udongo mwekundu ni taka, na kila mita ya taka unayoitoa inakusogeza karibu na jiwe. Chimba taka siku kumi, siku ishirini, usitoke. Wanaoacha shimo mapema ndio maskini wa Kolwezi, husema, na kila akisema hivyo hunitazama mimi.

Februari mvua ililijaza shimo lao maji. Utaratibu wa machimbo yale ni kwamba shimo likilala wiki mbili linapewa watu wengine, na wiki mbili zilikuwa zinaisha Jumatatu. Shimo hilo ndilo lililokuwa likilisha nyumba saba. Basi wachimbaji wakachanga, mmoja akauza redio, mwingine akauza godoro alilolalia, wakampa PDG wao pesa akanunue motopompe mjini ya kuvuta maji. Ernestine huuza bukari, yaani ugali, na samaki palepale mdomoni mwa shimo. Alimwita mumewe baba wa binti yao mkubwa, mbele ya wote:

"Tata Shekina, uende na Antoine. Yeye eko na akili ya karatasi."

Antoine ni mimi. Sikujisifu mwenyewe, nilisifiwa.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Dukani tukakuta bei imepanda. Tulipungukiwa kidogo tu, tuseme bei ya mbuzi mmoja mwenye afya. Mtu mwingine angerudi kuwaambia wenzake wachange tena. Mukalay akatazama ng'ambo ya barabara, palipokuwa na kasino yenye vioo vyeusi na mlinzi aliyefunga tai.

"Shemeki," akasema, "mule ndani bantu banatoshaka feza juu ya meza. Mi nilisikia."

"Na bengine banaiachaka palepale," nikamjibu.

"Tunatosha paka ile yenye kupunguka, tunatoka. Dakika kumi." Yaani tutoe ile tu iliyopungua, basi.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limewaka, na mlango ulipofunguka baridi ya mashine ikanipiga usoni. Naungama kwamba baridi ile ilinishawishi kuliko maneno yake.

Mukalay hawezi kuketi mahali bila kusalimia. Akaizunguka meza akimpa mkono kila mchezaji, hata yule aliyekuwa ameshikilia kichwa chake kwa mikono miwili. Akafika kwa msichana aliyezungusha gurudumu, ambaye jina lake, Mignonne, lilikuwa limeandikwa kifuani.

"Jambo, mama. Ku nyumba beko salama? Batoto?"

Mignonne hakuwa hata na miaka ishirini na tano. Akajibu kwamba hana watoto, asante, na kwamba tata aondoe kiwiko juu ya meza.

Tukabadilisha pesa kwa jeton, vile vidude vya plastiki vya kuchezea. Mukalay alikikwaruza kimoja kwa ukucha, akakinusa, hakuridhika. Mignonne akaanza kutueleza mchezo. Akamkatiza. Alikuwa ameshaona gurudumu lina nafasi nyekundu na nafasi nyeusi, mpira mdogo unakimbia na kuangukia mojawapo, na hiyo kwake ilitosha. Nyekundu ni taka, nyeusi ni kobalti. Alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Ile nafasi moja ya kijani hakuuliza ni ya nini.

Akaweka kwenye nyeusi, ikatoka nyeusi. Akaweka tena, nyeusi. Mara ya tatu, nyeusi. Pengo likazibika, pompe ikawa yetu, na pesa ya taxi-moto, pikipiki ya kuturudisha, ikabaki juu. Hazikupita dakika kumi. Nikamvuta mkono wa shati: twende.

Hapo akanitazama kwa aibu, akaninong'oneza:

"Shemeki, banatupatia bia ya bure. Banatupatia karanga. Banatupatia na feza. Tunakula, tunasimama, tunaenda? Batasema siye ni bantu ya namna gani?"

Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba lilinielea. Kwetu mtu akikukaribisha, ukashiba, ukaondoka papo hapo unafuta mdomo, umemtukana. Na glasi yangu ilikuwa bado nusu. Nikasema kweli, tukae kidogo, tuzungumze kwanza.

Kasino haina haja ya mazungumzo. Ikatoka nyekundu. Mukalay akatabasamu, akasema taka haikosekani. Ikatoka nyekundu tena, akaongeza jeton. Nyekundu. Akaongeza maradufu. Nilipomwambia aweke kidogokidogo, alinijibu kwa upole, kama mwalimu anayemjibu mtoto mzito, kwamba kadiri taka inavyozidi ndivyo jembe linavyopaswa kuongezeka nguvu. Nyekundu ya nne, ya tano. Ile pesa ya pengo ikaisha, tukaingia kwenye godoro na redio za watu. Bia nyingine ikaja. Sikumbuki aliyeiagiza.

Kisha mpira ukarukaruka, ukaangukia kijani.

Mukalay akasimama. Akanikumbatia. "Malachite!" akapiga kelele, na jasho likimtoka ndani ya baridi ile. "Shemeki, malachite! Kijani iko!" Na mimi, karani wa miaka ishirini na sita, nikasimama nikampigia makofi. Ni nani Kolwezi asiyejua kwamba jiwe la kijani ni shaba, na kwamba shaba ni habari njema? Akainyoosha mikono kupokea.

Mignonne akazivuta jeton zetu zote kwa reki yake ndogo, akazipanga upande wa pili.

"Mama, unakosea," Mukalay akasema. "Ile ni malachite."

"Ni sifuri, tata. Ikitoka sifuri, rouge inapoteza, noire inapoteza," akaonyesha nyekundu kisha nyeusi kwa reki. "Nilikuwa nataka kukuelezea."

Mtu mwenye akili ya kawaida angeinuka hapo. Lakini shemeji yangu alifikiri, na nikaona uso wake ukirudi na furaha. Katika mashimo yote aliyochimba, akanieleza, kijani hukaa juu kidogo ya nyeusi. Ukiiona kijani, usilale, jiwe liko chini ya miguu yako. Akatoa pesa yote iliyobaki mfukoni, akaibadilisha, akaisukuma yote kwenye nyeusi.

Nyekundu.

Tulipotoka nje bado jua lilikuwa kali, saa tisa. Duka lilikuwa wazi, na motopompe ilikuwa palepale dirishani, imepakwa rangi ya machungwa. Nililipa taxi-moto kwa pesa yangu, nikamwambia njiani kwamba tutasema tumevamiwa na wezi watatu, mmoja ana kovu shavuni. Hadithi nilikuwa nimeshaipanga vizuri sana. Akasema hapana.

Basi akasimama mdomoni mwa shimo akawaeleza yote, tangu salamu mpaka nyekundu ya mwisho. Mimi nilisimama nyuma yake, upande wa njia ya kukimbilia. Ernestine alikuwa akisonga bukari na hakuinua kichwa.

Kabemba, mkubwa kati ya wachimbaji, mwenye godoro lililouzwa, akakohoa.

"Rouge ilitoka mara ngapi?"

"Tano. Kiisha kijani. Kiisha rouge ingine."

"Kijani ilitoka?"

"Ilitoka."

"Na we ukatoka?" Kabemba akaruka wima. "Tata! Mwaka jana tulitosha taka siku makumi mbili, ukatukataza kutoka! Leo noire iko karibu vile, unaacha shimo?"

Wote wakaanza kupiga kelele. Nilidhani wanadai pesa zao, kumbe wanadai nyeusi yao. Walisema saa hii kuna mtu amekaa kwenye kiti chetu anavuna jasho letu. Mmoja akavua buti zake, akasema ziuzwe. Mwingine akatoa simu. Kabemba akasema ataongoza yeye, maana yeye haogopi taka. Hata mimi niliyekuwa mle ndani nilianza kuona kwamba kuna hesabu fulani katika maneno yao.

Nikamtazama Mukalay. Mbaya zaidi, macho yake yalikuwa yanaanza kung'aa. Alikuwa amefungua mdomo kuwaonyesha kiti kizuri ni kipi.

Ernestine akauchomeka mwiko katikati ya bukari.

"Tata Shekina. Chini ya ile meza kuko nini?"

Mukalay akafikiri, akalikumbuka zulia. "Tapis."

"Na chini ya tapis?"

"Ciment."

"Jiwe?"

"Jiwe haiko."

"Na hapa, chini ya hii mayi?"

Wanaume saba walilitazama lile shimo lililojaa maji ya matope, na aliyekuwa amevua buti alibaki na moja mkononi. Mukalay akakaa chini kwenye kifusi. Amechimba miaka thelathini, amepata na kukosa, lakini sikuwahi kumwona akilia, na siku ile alilia waziwazi, makamasi yakimtoka, bila kujificha kwa mke wake wala kwa vijana wake. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kujionea mwenyewe.

"Hapa jiwe iko," akasema. "Minajua iko."

Akavua shati, akachukua bidoni, dumu lililokatwa kichwa, akateremka ngazi mpaka maji yakamfika kifuani. Akaijaza akaiinua. Kwa muda hakuna aliyeipokea, akabaki ameinyoosha juu ya kichwa chake. Kisha Kabemba akatukana kwa Kiluba, akainama akaipokea, akaimwaga. Aliyevua buti akazivaa.

Tulichota maji kwa bidoni siku nne, tumepanga mstari, nami ndani ya mstari na suruali yangu ya ofisi. Mikono yangu ilichubuka mpaka nikashindwa kushika kijiko. Jumatatu mkaguzi wa machimbo, Benoît, akaja na daftari lake akakuta maji yako magotini na watu wamo ndani wanafanya kazi. Akaandika kwamba shimo halijalala, akaenda zake.

Mchana huo Ernestine alipakua. Kwao kichwa cha samaki ni cha PDG, na tangu shimo lile lifunguliwe hakuna aliyekigusa isipokuwa Mukalay. Ilipofika zamu ya Mukalay, dada yangu alikiinua kile kichwa, akakishikilia juu ya sufuria, akawatazama wanaume. Wakatazama chini. Mukalay mwenyewe akasogeza sahani ya Kabemba mbele.

Kabemba akakipokea kwa mikono miwili, akaona haya, akaanza kula. Mukalay alipewa kipande cha mkia, sawa na wengine wote. Alikimaliza mpaka mifupa, akasema bukari imeiva vizuri, akaomba aongezwe, na Ernestine akamwongeza.