Koleo Lililofungwa kwa Katani

Haya, nicheke nanyi, maana aibu yenyewe imeshazeeka kama mie, ingawa dada yangu Zuhura akinikumbusha bado natamani kujifunika kanga usoni.

Enzi za Mwingereza, tunakaa Kinondoni, shangazi wa mchumba wake Zuhura alikuwa anakuja kutuangalia (posa ilishapokelewa, ila bila huyo mama kuridhika hakuna ndoa). Koleo letu la kushikia makaa lilikuwa limechomoka msumari, miguu imeachana, mama akanituma nilipeleke kwa mhunzi Mwananyamala. Jua kali, na mie mbea nataka nimwone mgeni akiingia, basi nikachomoa kamba ya katani kwenye gunia, nikalifunga pale kati, nikalijaribu kwa kaa lililozimika, likashika. Nikamwambia mama limeshatengenezwa.

Mgeni akala, akashiba, akasifu. Ukaja udi. Akasimama, akalitanua baibui lake juu ya chetezo ili moshi umwingie vizuri, akasema moto umefifia. Mama akaniita nilete kaa. Nikabana kaa jekundu, na sijafika mlangoni kamba ikaanza kufuka moshi.

Ningekwenda moja kwa moja ningewahi, lakini nilikuwa sijamwamkia, na mkubwa humpiti hivihivi. Nikachuchumaa, koleo mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiye mdogo mtu huyu? Unaitwa nani?"

"Mwanaidi."

"Jina la marehemu mama yangu," akasema, kisha akaanza habari za huyo mama yake, alivyozaliwa, alivyoolewa, na mie macho kwenye kamba, uzi mmoja umekatika, wa pili unafuata, na kumkatiza naogopa kuliko moto wenyewe. Akanusa. "Mbona udi wenu unanuka gunia?"

Nikapenyeza koleo haraka chini ya baibui, nalo likaachana humohumo. Kaa likaangukia pindo. Akaruka, akapiga teke chetezo, mkeka ukashika moto, mama akamwaga jagi zima la sharubati juu ya moto na juu ya miguu ya mgeni. Zuhura chumbani akasema, "Mwanaidi, umeniua." Na mie niliamini nimemuua kweli.

Shangazi akaokota koleo, akaitazama ile katani.

"Nani kafunga hivi?"

"Mie."

"Mama yako alijua?"

"Hakujua. Nilimdanganya."

Akaondoka na tundu lake kwenye baibui. Wiki nzima kimya, Zuhura hasemi nami, mama hali. Kisha jibu likaja, wamekubali.

Siku ya harusi shangazi akaniita mbele ya wanawake wote, akanipa kifurushi. Koleo jipya, msumari mnene.

"Ulisema kweli, nimekusamehe," akasema. "Lakini kwa dada yako ukienda, jikoni usiingie."

Tangu hapo kitu kikivunjika kwangu nakipeleka kwa fundi siku hiyohiyo, jua liwake lisiwake. Na kwa Zuhura, mpaka leo na uzee huu, nakaa sebuleni naletewa chai.