Boila la Madamu lilikunywa kasiksi, ndoa yangu ikasimamishwa kanisani

Wakuu, nawasalimu kutoka milima ya Masisi. Nimefika umri ambao mtu akisema uongo hana uhakika wa kupata muda wa kutubu, kwa hiyo haya ni kweli tupu. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Watu humu wanasema maji magumu yanaharibu heater na mabirika tu. Wakuu, mimi yalikaribia kuninyang'anya mke.

Ilikuwa miaka ya hamsini, enzi za Wabelgiji. Nilifanya kazi za nyumbani kwa mlowezi mmoja mwenye shamba la pareto. Nyumba yake ilikuwa na bomba ndani, na siku ya kwanza nililifungua na kulifunga mpaka nikafukuzwa jikoni.

Maji yenyewe yalitoka kwenye chemchemi ya juu kilimani. Ng'ombe walikuwa wanauacha mto na kupanda hadi kule kwa ajili ya ile chumvichumvi yake. Sisi sote tulijua kwamba yale ni maji ya ng'ombe. Mzungu hakutuuliza, na sisi hatukusema.

Basi sabuni ikawa haitoi povu. Mashati ya Bwana yakikauka yalisimama yenyewe. Birika la chai liliota ukoko mweupe ndani, likabaki na nafasi ya vikombe viwili.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa boila. Pipa kubwa la shaba nyuma ya jikoni, chini unawasha kuni, maji ya moto yanakwenda bafuni. Mwanzoni mzigo mmoja wa kuni ulitosha. Baada ya mwaka nilikuwa nachoma mizigo minne na Madamu, mke wa Bwana, bado anaoga maji ya uvuguvugu.

Madamu akatafuta sababu, akanipata mimi.

Nilikuwa mchumba wa Furaha, binti wa Papa Zakaria, mzee wa kanisa. Kwetu mchumba anawapelekea wakwe kuni, na mimi nilipita mbele ya dirisha la Madamu na mzigo kichwani kila wiki. Kuni za msituni, wakuu, naapa!

"Boyi, wewe napeleka kuni yangu kwa bibi yako," akaniambia. "Jumatatu, kama muzigo moja hapana tosha, wewe natoka. Na mimi naandika barua kwa kanisa, wewe iko mwizi."

Sasa elewa hali yangu. Kwetu ndoa inatangazwa kanisani Jumapili tatu. Mbili zilishapita, ya tatu ilikuwa Jumapili ya wiki ile ile. Papa Zakaria aliwahi kumrudisha mchumba wa dada yake Furaha kwa sababu alisinzia kwenye sala. Mimi mwizi wa kuni angenipa binti? Thubutu.

Ijumaa nikamweleza Furaha. Nilidhani atalia. Yeye akauliza:

"Ile kitu nyeupe iko sawa na ile inashikaka mu chungu ya mama?"

"Iko sawa."

"Mama anawekaka mo kasiksi yenye kuchacha. Anachemusha, inatoka yote."

Kwa wasiojua, kasiksi ni pombe ya ndizi. Na kanisa letu lilikuwa halicheki na pombe. Ukikutwa nayo unatengwa, na aliyetengwa hafungi ndoa.

Kesho yake asubuhi Furaha akaja na mitungi miwili, juu imefunikwa majani ya muhogo. "Mama njo anakutumia. Usiulize fasi ilitoka."

Sikuuliza ilikotoka. Nani anamhoji mama mkwe?

Madamu alikuwa ameteremka Bweremana, kule ziwani, kutafuta samaki. Nikafungua mfuniko wa boila, nikamimina mitungi yote, nikawasha moto.

Kwanza kimya. Kisha likaanza kunguruma. Mfuniko ukawa unarukaruka, povu likamwagika mpaka kwenye kuku, mvuke ukanifunika mzima. Ndani vipande vya ukoko vinagonga kama watu wanaoomba kutoka. Nikapiga magoti nikasali, huku nachochea.

Niliporuhusu maji kutoka, ulitoka uji wa kahawia wenye vigae vyeupe. Nikasuuza mara tatu. Nikaweka maji mapya, mzigo mmoja wa kuni, yakachemka!

Madamu aliporudi akaingia kuoga. Alitoka mwekundu, anaimba, ananuka pombe ya harusi nzima. Akanikabidhi ufunguo wa stoo ya kuni kwa mkono wake mwenyewe. Harufu hakuitaja, nadhani alidhani ni dawa.

Nilifurahi nikasahau jambo moja. Shati langu la kanisani ndilo lilikuwa shati langu la kazini, na lilikuwa limekaa kwenye mvuke ule tangu asubuhi.

Jumapili nilinuka viti vitatu mbele na vitatu nyuma. Papa Zakaria alikuwa ameshasimama na karatasi ya matangazo. Akanusa. Akanusa tena akinitazama, kisha akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Baada ya ibada, baraza la wazee.

"Eliya, ulikunywa?"

"Hapana, Papa. Ni boila njo ilikunywa."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema mtu hawezi kuhukumiwa kabla ya kuona ile boila. Basi wazee watano wakapanda kwa mlowezi, na nyuma yao kanisa zima, hata waliokuwa wamekwisha kufika kwao walirudi.

Madamu alidhani tumekuja kulishangaa boila lake. Akafungua bomba kwa fahari.

Wazee wakanusa mmoja mmoja kwa kufuata umri. Wa mwisho akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena. Mara ya tatu Papa Zakaria akamwambia ushahidi umetosha.

Wakakaa faragha kando ya kuku. Waliporudi walisema ni kweli, boila lilikunywa.

"Lakini haikubatizwaka," akaeleza yule mlambaji. "Hatuwezi kuipa azabu."

Nikapumua. Nilipumua mapema mno.

"Boila haina mikono," akasema Papa Zakaria. "Nani alikupa hii pombe? Sema jina, ao ndoa inakufa leo."

Wakuu, nikimtaja mama mkwe, navunja nyumba ya Furaha. Nikinyamaza, Furaha ndiye ninayempoteza. Nilimtazama, analia, na mimi machozi yakanitoka mbele ya Madamu na kanisa lote. Nilimpenda yule msichana, sina namna nyingine ya kusema.

"Papa, siwezi kusema."

"Basi ndoa iko..."

"Ni miye njo nilimupa."

Alikuwa mama yake Furaha, katikati ya wanawake. Mama ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno kwenye mkutano.

Papa Zakaria akageuka polepole. "Weye? Na weye ulipata wapi pombe?"

"Chini ya kitanda yetu," akajibu, kwa heshima kabisa. "Upande yako."

Hakuna aliyecheka. Kanisa zima limebana midomo, na yule mzee mlambaji anatazama mawingu.

Papa Zakaria akaingiza mkono mfukoni, akaikunjua ile karatasi, akasoma tangazo la tatu palepale kando ya boila, mbio mbio. Kisha akafunga kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba maishani mwake.

Tulifunga ndoa wiki iliyofuata.

Funzo nililolipata: kifaa kikigoma, fungua kwanza mfuniko utazame ndani kabla ya kumwita mtu mwizi. Siku hizi kuna siki na ndimu, zinatosha. Chemsha, mwaga, suuza mara nyingi. Na uvae shati jingine.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu huo ukoko mnautoa na nini? Na wewe ungekuwa mimi pale, ungemtaja mama mkwe?