Tata alikubali kajeu pahali ya mbuzi ya dot yangu

Admin, jina yangu ubakie nayo wewe peke yako, juu Butembo ni kubwa kwa macho, mais kwa midomo ni kadogo sana. Niko mwanamuke wa miaka makumi mbili na kenda, ninauzisha bitenge ku soko. Tata yangu alikuwa mwalimu, leo ni muzee wa kanisa. Niko na muchumba. Ao nilikuwa naye, sijue tena. Musome, ninyi njo mutaniambia.

Muchumba wangu anakaa Beni, ni fundi wa kutengeneza matelefone. Nitamuita tu Fundi. Mutu mwenye anashikaka mashini ya kisasa kutoka asubuyi mpaka mangaribi, mais ndani ya mufuko yake munakuwaka nini? Kajeu, kale kamuchezo ka mukono ka zamani, ka rangi ya majivu, kenye kutumika na mapile, zile betri ndogo. Bibloko binaanguka kutoka juu, wewe unabipanga. Basi. Hakuna rangi, hakuna mutu ndani, hakuna hadisi. Sauti yake ni ya mbu yenye mafua.

Siku moja nilimuuliza: “Chéri, hii kitu ilishakufa tangu tuko batoto. Utaizika lini?”

Akanijibu na sura ya mutu wa maana: “Haiombake mega za internet, haiombake courant ya umeme, haina publicité za matangazo. Jeu za sasa zinakuchezesha wewe. Hii, ni wewe unaicheza.”

Aka! Mwanaume muzima wa ndevu! Kama ilikuwa muzuri hivyo, benye kuitengeneza baliiachia nini?

Siku ya dot, mahari yangu, ikafika, familia yake ikapanda kutoka Beni. Kwetu Banande, binti anatokaka na mbuzi, hapana na maneno. Mbuzi zote zilifika, isipokuwa ya mujomba wangu, kaka ya mama. Hiyo ilikufia njiani, ndani ya camion. Na mbuzi ya mujomba si ya kuchezea: kama hajaipokea, baraka yake usingojee. Musemaji wao akasimama, akajikohoza, akasema: “Bazee, mutukubalie tuache gage, kitu cha rehani. Mbuzi itafuata.”

Tata akamuangalia Fundi kutoka kichwa mpaka viatu. Akaona mufuko umevimba.

“Ile ni nini?”

Fundi akakatoa na haya. Tata akakageuza, akafinya bouton. Ka mbu kakaanza kulia.

Basi tata yangu, ule mwenye alihubiria batoto ba korali kwamba michezo ya telefone ni mulango wa uvivu, aliinama mbele ya wageni, miwani ku pua, akapanga bibloko. Chakula ikapoa. Mujomba akasogeza kiti: “Geuza ile! Shemeji, geuza, inaanguka!” Bazee ba mvi! Mimi niko ndani, nimevaa kitenge mupya, nimepakwa mafuta, ninangojea kuitwa. Hakuna mwenye alikumbuka kama nyumba hii iko na bibi arusi.

Kajeu kakabaki gage. Nikasema haizuru, ni ya muda tu. Fundi akaenda kutafuta mbuzi Kirumba, akaleta jike nene, lenye mimba. Tata akatoka inje, akaliangalia kama vile ni mutu wa kulipisha taxe amekuja.

“Wasingya, aksanti, mukwe wangu. Mais mbuzi rudisha kwenu. Hii gage inatutosha.”

Nikazani mujomba atawaka moto, mbuzi si ni yake? Hapana! Anakujaka kila mara kisha ibada, yeye na tata banapokezana kale katakataka. Mama anasema: “Baache, angalau habaongee tena politike.”

Nililia, sifiche. Dada yangu mukubwa alitoka na mbuzi zote, mpaka leo anatuimbia hiyo. Mimi, batoto bangu bakiniuliza siku moja, “Mama, kwenu balikutoa na nini?”, nitajibu nini? Na mapile mbili?

Nikamwambia tata wazi: mbuzi isipoingia, mimi siingie kanisa. Akafikiri, akasema: “Bien. Mukwe acheze na mimi. Akinishinda, achukue kajeu kake, mbuzi iingie. Nikimushinda, maneno yaishe.”

Fundi akaitwa, akarudi na ile mbuzi, akaifunga ku lupango, pale inje ya nyumba. Tata akacheza wa kwanza, akatoa jasho. Kisha Fundi. Na mimi ninamujua Fundi: anachezaka huku anakula, huku anaongea na client. Kwake ile ni kama kuchambua maharagi. Akakaribia points za tata, na pale nikaona kidole chake kimesimama. Kakaja kale ka bloko karefu, kepesi, kenye ata mimi mwenye kuzarau ile jeu ningekapanga. Akakaacha kaanguke kombo. Imeisha.

Tata akaruka: “Haleluya!” Mujomba akacheza ngoma. Fundi akafungua kamba ya mbuzi ku lupango, akaenda nayo anapiga muluzi.

Nikamufuata ku barabara. “Ulifanya makusudi!”

“Mukwe hashindake mukwe mbele ya watu,” akasema. “Ulitaka nimupatishe tata yako haya ndani ya nyumba yake?”

Maneno mazuri, ni kweli njo desturi yetu. Mais juzi dada yake alinipigia simu na furaha: ile mbuzi imezala mapacha, kule kwa Fundi, Beni.

Na mutu asiniandikie hapa “cheza na wewe, utaelewa.” Nilishacheza, mara mingi. Ni mubaya. Na points za tata bado sijazifikia.

Kanisa ilishatangaza ndoa yetu. Bandugu, munishauri, juu mimi kichwa imechoka: huyu alishindwa juu ya heshima, ao juu ya choyo? Nifanye nini, nimufuate Beni nikachungie kule mbuzi ya dot yangu mwenyewe, ao nikatae kuingia kanisa mpaka irudi kwetu na batoto bake babili?