Mpishi Asiyeweza Kuonja

Jumatatu tarehe 16 Septemba 1974, Fikirini Shabani wa Magomeni ya huku kusini aliandikwa kazi ya upishi katika nyumba moja ya wageni Shangani, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Jumatano Ramadhani ikaanza.

Ana miaka arobaini na mitatu, na kutafuta kazi kumemchosha. Bandarini aliambiwa arudi kesho mpaka akaacha kuuliza. Akapata utingo wa lori, akatapika safari ya kwanza ya kwenda Masasi. Dereva akamshusha njiani, Mtama. Mwaka huu watu wasio na ajira mjini wanatakiwa kuhamia vijijini, na balozi wa nyumba kumi ameshapita kwa Ashura, mke wa Fikirini, kuuliza mzee anafanya kazi wapi. Ashura hataki kuanza kung'oa visiki katika umri wake. Kazi ya Shangani ilikuwa lazima idumu.

Upishi Fikirini anaujua, lakini ni upishi wa shughuli. Arusi za Mikindani humwita kupika pilau la watu mia mbili. Chumvi huitia kwa kiganja, kisha huirekebisha kwa kuonja. Shangani wageni walikuwa sita, maofisa wa kilimo wasiofunga, na yeye alikuwa amefunga. Siku ya kwanza ya mfungo mchuzi ulirudi jikoni kama ulivyotoka.

Meneja, Bwana Abdulrahmani, aliliinamia bakuli akanusa.

"Una nini huu?"

"Sijui, bwana. Nimefunga."

"Hata mimi nimefunga."

Wote wawili wakamgeukia Yohana, mfagizi, ambaye ni Mkristo. Yohana aliweka ufagio chini, akanawa mikono bila haraka.

"Chumvi imezidi," alisema baada ya kijiko cha tatu. "Ila nyama imeiva."

Tangu siku hiyo Yohana ndiye aliyeonja. Alianza kwa ncha ya kijiko. Wiki ya pili alikuwa anaonja kwa sahani, ameketi.

"Yohana, hiyo ni kuonja au chakula cha mchana?"

"Mzee, chumvi ya wali huijui mpaka uutie mchuzi."

"Na samaki je?"

"Samaki ana pande mbili, mzee. Nikuonjee mmoja, halafu wakulaumu kwa wa pili?"

Fikirini hakuwa na nguvu za kubishana. Sahani za wageni zilikuwa zinarudi tupu, na hilo ndilo alilolitaka.

Zikiwa zimebaki siku chache mwezi wa majaribio uishe, Yohana alikwenda msibani Likombe. Mchana huo maofisa walikuwa wanakula kwa mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Fikirini aliitazama sufuria. Alikwisha kusikia msikitini kwamba mpishi mwenye haja anaweza kugusisha ulimi, mradi ateme. Akachovya kidole.

"Mzee Fikirini! Mchana kweupe?"

Bwana Abdulrahmani alikuwa mlangoni.

"Naonja tu, bwana. Nilikuwa nataka kutema."

"Sasa tema."

"Umenishtua. Nimemeza."

Meneja alikaa kwenye gunia la mkaa, akajifuta uso.

"Haya. Mchuzi una nini?"

"Umepungua chumvi kidogo."

"Tia."

Uamuzi ulitoka kesho yake. Bwana Abdulrahmani alisema hawezi kila Ramadhani kumchunga mpishi mdomo. Yohana amekwisha kujifunza kwa kuonja, atapika yeye.

"Na mimi?" Fikirini aliuliza.

"Ufagio upo."

"Ni wa kudumu?"

"Wa kudumu."

Nyumbani Ashura aliacha kutwanga. "Fundi wa pilau, leo unafagia?"

"Balozi akija, mwambie nimeajiriwa."

"Na akiuliza kazi gani?"

"Mwambie Shangani."

Idi ikipita, Fikirini atalipa siku moja ya funga. Kisha ataendelea kufagia ua kila asubuhi, na mchana atakula chakula cha Yohana.