Hodi kwenye Kijiji cha Mbao

Kila asubuhi, kabla hajafungua chupa yake ya chai, mzee Akilimali hupita kijiji kizima akipiga hodi. Nyumba ni kumi na mbili, zote za mbao, zimejengwa kwenye malisho nje ya mji wa Penrith, Australia, kwa ajili ya filamu, na hakuna aliyewahi kuhamia. Hugonga, husubiri, huingia, huchungulia hata nyuma ya mapazia. Ulinzi ndiyo kazi yake. Hodi aliiongeza mwenyewe.

"Hodi kwa nani, mzee?" humtania Ronnie, kijana Mkenya anayemsimamia. "Kwa panya?"

Jumatatu, ndani ya nyumba ya sita, alikuta blanketi na kopo la maharage lenye uvuguvugu bado. Uzio wa nyuma ulikuwa na tundu. Akaripoti, likafungwa kwa waya. Jumatano lilikuwa wazi tena.

Kijiji kilipangiwa kuchomwa mbele ya kamera wiki iliyofuata. Lakini serikali ya jimbo ingewarudishia wenye filamu sehemu ya gharama zao endapo tu wangemaliza kupiga picha kabla ya Juni kwisha, na Juni ilibakiza siku moja. Moto ukaharakishwa hadi Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni.

Saa nane Ronnie akaja na karatasi ya ukaguzi wa mwisho.

"Weka sahihi hapa, mzee."

"Nilikagua asubuhi. Acha nikague tena."

"Haiwezekani. Mafuta yameshamwagwa, milango imepigiliwa misumari. Tukikosa hiyo pesa ya serikali, mimi na wewe hatuna kazi. Filamu ijayo wataipeleka jimbo lingine. Tafadhali, baba."

Akilimali aliitazama ile karatasi. Kule kwao Kivu, waliokuja na mafuta hawakupiga hodi. Akarudisha kalamu, akavuka kamba ya usalama iliyozungushiwa kijiji, akagonga nyumba ya sita.

"Hodi."

Upepo ulikuwa umeanza. Hakuitikiwa. Akaketi kizingitini, harufu ya petroli ikimwasha macho.

Ronnie alipoishiwa maneno alimpigia simu Falone, binti wa mzee. Alifika kutoka kazini Toongabbie akiwa bado na sare zake za kulelea wazee. Nyuma ya kamba, watu wa mienge, waliosubiri kuwasha moto, walikuwa wakitazama saa. Falone, aliyezoea kumjibu baba yake kwa Kiingereza, safari hii aliuliza kwa Kiswahili:

"Baba, kuna mtu ndani?"

"Sijui. Ndiyo maana sitoki."