Malkia na Watoto Wanane

Kwa miaka sita nilitafuta sarafu moja tu. Ni ya fedha, ya ufalme wa zamani wa Bavaria. Upande mmoja yuko mfalme. Upande wa pili yuko malkia katikati, na nyuso za watoto wake wanane zimemzunguka. Za Saksonia nilikuwa nazo, za Prusia pia. Hiyo nilikuwa naiona kwenye picha tu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nilimfundisha sarafu mimi mwenyewe alipohamia huku Mississauga, Kanada, na upweke ukawa unamsumbua. Jumapili moja baada ya ibada alikuja kwetu, akakunjua leso mezani, kando ya sahani ya chapati.

"Shemeji, hebu niangalizie hii. Kuna mtu alikuwa anauza vitu vya marehemu mama yake gerejini. Ilikuwa kwenye kopo la vifungo."

Nilihesabu zile nyuso. Nane. Mimi nadamkia maonyesho ya sarafu kila mwaka, kwenye theluji, halafu yeye kaipata kwenye kopo la vifungo!

"Ya kawaida," nikasema, nikamrudishia haraka. "Halafu imesuguliwa. Wakusanyaji hawaitaki."

Nilitegemea aniachie. Akaitia mfukoni, akaomba chai nyingine.

Mwezi uliofuata mtoto wa kwanza wa shemeji alibatizwa. Mkewe aliingia kanisani na mkufu shingoni, na kwenye mkufu ananing'inia malkia wangu. Tundu limepita katikati ya uso wa mtoto wa juu kabisa.

"Umeona kazi ya sonara?" shemeji akaninong'oneza. "Si ulisema haina maana."

Mahubiri sikuyasikia. Tulipotoka, kwenye maegesho, nikamwambia ukweli wote: sarafu ilikuwa adimu, na tundu lile limeiharibu.

"Ulijua siku ileile?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini, shemeji?"

"Wivu."

Alimtazama mkewe, aliyekuwa anamfunga mtoto kwenye kiti cha gari.

"Usimwambie. Anaupenda sana mkufu ule."

Sikumwambia. Shemeji bado anakuja kula kwetu, ila sarafu haniletei tena. Juzi kwenye maonyesho nilimwona kwa mbali, ameinama na mzee mmoja nisiyemjua, wanapokezana lenzi na kucheka. Nikasimama pale nikimwonea wivu yule mzee.